Rawiya wa Asubuhi, Rawiya wa Alasiri

Uroa
Jumanne, 3 Septemba 2024

Na hilo la kusema kuwa Rawiya anadeka, mume wangu, nimelipima njia nzima tangu uliponinong'oneza mlangoni, na sikubali. Nisamehe. Ndoa yetu ina wiki sita tu na nshaanza kukupinga, lakini nakupinga kwa mapenzi, na kila neno lililo kali kwenye karatasi hii limetoka katika moyo uliolainika kama halua ya moto.

Tuliahidiana kwenye fungate kuwa simu iwe ya salamu na barua iwe ya moyo. Basi moyo wenyewe huu. Anakuletea Msabah, anayepeleka pweza soko la Darajani, huko Mjini, kila asubuhi. Ikinuka, vumilia, mimi nshavumilia mengi, kwa mfano kulala bila ya kusikia unavyokoroma.

Dada yako Faiza hajambo. Mzazi anakunywa uji wake wa pilipili manga, na Khalil wetu mchanga ananyonya kama ana deni la kulipwa. Nitakaa naye mpaka arubaini itimie, kama nilivyoahidi, ingawa kila nikimpakata huyu mtoto nakuona wewe puani pake, na nakuwa sina msaada tena kwa mtu yeyote.

Sasa sikiliza habari za dada yake mkubwa. Jana asubuhi Rawiya alinikimbiza mpaka kisimani, miaka saba yote ikiruka hewani, na hakuna kuku aliyepona njiani. Baada ya adhuhuri mguu wake wa kushoto ukaanza kupinda kwa ndani, na skuli hakwenda. Alasiri ilipoingia alikuwa anatambaa kwenda chooni. Nilipotaka kumbeba akaniwekea mkono mdomoni.

"Mkaza mjomba, usimwambie mtu. Mguu wangu unalala mapema kuliko mimi."

Mtoto anayedeka hutaka aonekane, Mudrik. Huyu anajificha.

Nakubusu macho yote mawili, maana moja litaona wivu.

Mkeo,
Shemsa

*

Malindi, Mjini
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Shemsa wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano niliinusa tu. Nyumba imepooza. Nimepika wali, nusu umeungua na nusu mbichi, na jirani kanigongea kuuliza kama kuna moto.

Kuhusu Rawiya, mke wangu, una moyo mwema na ndiyo maana nilikuoa. Lakini mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto na hili nimeliona kwa macho yangu. Mara tatu kaletwa, mara tatu kaingia chumbani kwa daktari akitembea kama bi harusi anayekwenda kuonyeshwa. Daktari kampiga goti kwa kile kinyundo, kamwambia ruka, karuka. Faili lake limeandikwa kuwa hana maradhi, na wazazi wamenasihiwa wasimwendekeze. Mimi mwenyewe nilimwambia Faiza hivyo hivyo.

Mwezi huu tunaye Daktari Ummkulthum kutoka Dar, atakuwa nasi mpaka tarehe 30. Kazi yake ni watoto wenye maradhi ya kurithi yaliyo adimu, yale ambayo familia huhangaika miaka kumi na hakuna anayeyajua hata jina. Nafasi zake ni chache, na kuna watoto kwenye orodha wasioweza hata kumeza mate. Nitamwekaje mbele mpwa wangu anayekimbiza kuku? Watu watasema Mudrik anabeba wa kwao.

Usimtie Mama wasiwasi kwa maneno haya. Umri umekwenda, na unajua anavyopenda kulala mchana.

Ninayekukosa asubuhi na jioni,
Mudrik

*

Uroa
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mume wangu, tamu yangu, fundi wa wali wa kuungua,

Nimekasirika siku mbili, na siku zote mbili nimekupenda, kwa hiyo nimechoka sana. Badala ya kugomba nimechukua daftari na nimemfuata Rawiya kama kivuli. Haya ndiyo niliyoyaona, na siku zote mbili ni yale yale.

Anapoamka, mzima kabisa. Anaruka kamba. Saa nne mzima. Saa sita kisigino cha kushoto kinaanza kunyanyuka. Baada ya kusali adhuhuri anaburura. Alasiri hawezi kusimama bila ya kushika kitu, na mkono wa kushoto nao unakakamaa. Leo nikajaribu jambo: nilimlaza saa moja baada ya adhuhuri. Mudrik, aliamka akatembea! Akatembea mpaka karibu na magharibi. Alipolala alipata kitu, na akiwa macho kinammalizikia. Sijui ni kitu gani. Mimi ni wa kidato cha nne tu, lakini najua mtungi unaovuja nikiuona.

Nimekwenda na skuli. Yeye yuko mkondo wa mchana. Mwalimu Anwar kanipokea vizuri.

"Mwalimu, huyu asubuhi anakimbia," nikamwambia.

"Bi harusi, mimi asubuhi simuoni. Mimi namuona saa tisa, kaegemea ukuta. Nikimwita ubaoni anakwenda upande upande. Wenziwe wanamwita Kaa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nilisema mvivu." Kisha akanitazama. "Anakimbia kweli?"

Umeona? Wewe unamuona saa mbili, mwalimu anamuona saa tisa, na nyote wawili mnasema kweli.

Sasa nikamuuliza Faiza: siku ya kliniki mlikuwa mnampelekaje? Akanambia wanavyofanya, na alishangaa kuwa nauliza. Analazwa mapema. Asubuhi babake, Silima, anambeba kutoka kitandani mpaka kwenye gari, anamlaza mapajani njia nzima, anambeba tena mpaka mlangoni. Hapo ndipo anapofutwa vumbi, anavishwa viatu vipya na kuwekwa chini. "Wifi," akanambia, "utampeleka mtoto kwa daktari hali kachakaa? Watu watasemaje?" Wamekuwa wanampamba mgonjwa mpaka maradhi hayaonekani.

Mpe daktari wako karatasi hii. Mistari ya mahaba ifunike kwa kidole.

Wako, wako, wako,
Shemsa

*

Malindi, Mjini
Jumatano, 11 Septemba 2024

Mke wangu,

Sikufunika.

Nilimpa Daktari Ummkulthum barua yako jana kliniki ilipomalizika, nikasimama kama mwanafunzi. Alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Nani kaandika hii?"

"Mke wangu, daktari."

"Kasomea utabibu?"

"Kamaliza kidato cha nne, daktari, na ananipenda."

"Hilo nimeliona mwanzo tu. Pole kwa wali."

Ningezama kwenye sakafu. Lakini Shemsa, aliweka kidole pale ulipoandika mtungi unaovuja, akasema miaka kumi na tano ya kazi yake hajapata maelezo ya mgonjwa yaliyo wazi kama haya, na kuwa anao watoto wawili watatu aliowagundua wamekwishakatwa mishipa ya miguu bure, kwa sababu hakuna aliyeandika saa. Nilitoka pale najiona mrefu kuliko minara. Yule mwandishi ni wangu! Kisha nikakumbuka kuwa mimi ndiye niliyesema mtoto anadeka, nikarudi kimo changu.

Nimemkosea Rawiya. Miaka miwili nimepita mbele ya mtoto yule na sare yangu nyeupe, nikitoa nasaha. Mwambie mjomba wake anaomba radhi.

Tumepata nafasi Jumanne tarehe 17, saa kumi alasiri. Daktari kasema asilazwe mchana, asibebwe, asipambwe. Aje kama alivyo.

Kauliza pia kama kuna mwengine katika ukoo, maana maradhi anayoyafikiria hurithiwa, na kumuona mwengine ndiko kutakakompa yakini. Nikamjibu bila ya kufikiri: hakuna. Sisi watu wa Uroa miguu yetu imenyooka.

Ninayejivunia jina lako,
Mudrik

*

Uroa
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mpenzi,

Soma hii peke yako, umekaa.

Mama anafua asubuhi. Anapika asubuhi. Anakwenda kuzuru wagonjwa asubuhi. Baada ya adhuhuri mlango wake unafungwa, na sote tunasema amelala. Jana alasiri niliona mtungi wake wa maji umebaki barazani, nikampelekea. Nilibisha hodi na nikaingia haraka, kosa langu. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa chini, kaegemea kitanda, na mguu wake wa kushoto umepinda kwa ndani, kisigino juu. Ule ule. Ningewekewa pazia nisione uso ningesema ni Rawiya.

Tukatazamana. Niliweka maji nikatoka kinyumenyume.

Sikumwambia Faiza. Siri ya mamako si yangu kuitoa, hata kwa daktari. Lakini Jumanne atauliza tena, na safari hii hutaweza kujibu bila ya kufikiri. Nimeona nikutwishe wewe kwa sababu sina mwengine wa kumtwisha, na kwa sababu mabega yako nayapenda.

Shemsa

*

Uroa
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mwanangu Mudrik,

Marahaba, najua umeanza kwa shikamoo.

Mkeo ana macho. Nilikuchagulia mwenyewe, kwa hiyo silalamiki.

Mguu huu ninao tangu nna miaka minane. Nilipokuwa msichana walikuja wanawake kumtazama dada yangu Mayasa kwa ajili ya posa. Walikuja alasiri, na mimi nilikuwa uani natambaa. Posa ilirudishwa kabla ya wiki kwisha. Wakasema ule ni ukoo wa viwete. Mayasa hakuposwa tena, na mpaka anaingia kaburini hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko angenilaumu.

Tangu siku ile mama yangu aliweka sharti: mgeni aje asubuhi. Babako aliniona asubuhi. Alipojua, nshakuwa mkewe, na alikuwa mtu mwema, akanisaidia kufunga mlango. Washenga wa Silima tuliwaita asubuhi. Wakweo pia, walipokuja kututazama, tuliwaandalia chai ya saa tatu na mikate ya ufuta, wakaondoka kabla ya adhuhuri wakisifu ukarimu. Ulidhani napenda kulala mchana. Sijalala mchana hata siku moja, mwanangu. Laiti ningelala.

Rawiya alipoanza nilijua. Nilijua na nikamwambia Faiza mtoto ampeleke asubuhi, amvishe vizuri. Mungu anisamehe. Nilidhani namlinda na posa ya kurudishwa, na kumbe nilikuwa namnyima dawa.

Mwambie daktari kila kitu. Lakini kabla ya hapo mwambie mkeo, wewe mwenyewe, kuwa nyumba hii tulimuonyesha asubuhi. Akitaka kurudi kwao ana haki, na usimzuie.

Mamako,
Riyama binti Ayoub

*

Malindi, Mjini
Jumatano, 18 Septemba 2024

Shemsa,

Leo sina utani, ila nna habari, na nna ombi.

Habari kwanza. Jana Silima alimleta Rawiya, na alitembea kwa miguu yake kutoka getini. Ilimchukua muda mrefu. Watu walikuwa wanatazama, shemeji yangu anatokwa na jasho kwa haya, mikono inamuwasha kumbeba. Mtoto akaingia chumbani upande upande, kashika ukuta. Daktari alipomuona uso wake ulibadilika, kama mtu aliyemtambua jamaa yake katikati ya soko.

Nikamsomea barua ya Mama. Daktari akachora duara la Mama, la Faiza, la Rawiya, akayaunga kwa mstari. "Sasa nna yakini," akasema.

Kanieleza hivi. Ubongo una kitu unachokitengeneza ili kuamrisha viungo. Rawiya anakitengeneza kidogo. Akilala kinajaa, akitembea kinakwisha. Maradhi yana jina la daktari wa Kijapani, na dawa yake ni vidonge wanavyopewa wazee wanaotetemeka, vimo kwenye kabati letu siku zote, hatua kumi kutoka mlango ambao mtoto huyu kaingia mara tatu. Kaanzishiwa robo ya kidonge, asubuhi hii. Damu yake imepelekwa nje ya nchi kuthibitishwa, na jawabu litachukua miezi, lakini dawa haingoji.

Na jambo jengine. Daktari kaongeza mstari kwenye fomu ya kliniki: saa ngapi hali huwa mbaya zaidi? Watoto kama hawa wataonwa saa hiyo, si saa iliyo rahisi kwetu. Wauguzi wameshaupa jina, wanauita mstari wa Bi Shemsa.

Sasa ombi. Mrithi wa maradhi haya anaweza asiyaonyeshe, kama Faiza. Na mimi naweza kuwa hivyo. Daktari kasema ni kama kurusha sarafu. Nikiwa nayo, kila mtoto wetu naye atarushiwa sarafu yake. Mimi sikukuficha, nilikuwa sijui. Lakini nyumba yetu ilikuficha. Mama kanituma nikwambie kuwa wazee wako tuliwakaribisha asubuhi kwa makusudi. Barua yake naiambatisha usome mwenyewe.

Fikiri, mke wangu. Usinijibu kwa huruma. Ukisema kwenda kwenu, nitakuja kukuchukua na nitakupeleka mimi.

Mudrik

*

Uroa
Jumanne, 24 Septemba 2024

Mudrik, Mudrik, Mudrik,

Kaa chini kwanza nikupe ya Rawiya, yako baadaye, ndiyo adhabu yako kwa kuniandikia barua ya kikatili namna ile.

Siku ya kwanza ya dawa hakuna kitu. Ya pili kichefuchefu kidogo. Ya nne, Jumamosi, alasiri imeadhiniwa, mimi nakosha vyombo, nasikia kuku wanapiga kelele. Nikasema paka. Nikatoka. Mume wangu, alikuwa Rawiya! Alasiri! Nyayo mbili chini, ubapa, kama nyayo za watu wote wa duniani. Faiza alisimama mlangoni na Khalil kifuani. Rawiya akatupita akasema, "Mguu haujalala!" akaendelea na kuku wake.

Jana Mwalimu Anwar kamwita ubaoni saa tisa. Alikwenda, akaandika, akarudi. Mwalimu kaja mwenyewe nyumbani kutuambia, na alianza kwa kumuomba radhi mtoto, mbele yetu, kabla hajaketi. Kuna mmoja darasani alijaribu kusema Kaa. Rawiya kamwambia, "Tushindane mpaka bahari." Hakusema tena.

Sasa yako.

Unaniuliza kama nataka kurudi kwetu. Nimeisoma barua ya Mama mara nyingi mpaka imelegea. Naam, nilihuzunika. Nilihuzunika nusu siku, nikiwafikiria wazazi wangu wakisifia ile mikate ya ufuta. Kisha nikamfikiria Mayasa, ambaye sikumjua. Kisha nikafikiri: wangeambiwa kweli, pengine wangekataa, na mimi ningekuwa mke wa mtu mwengine, na Rawiya angekuwa bado anatambaa. Sikwambii haya kwa huruma. Nakwambia kwa sababu nimejiuliza naogopa nini, nikaona kuwa naogopa watoto wetu wasizaliwe, siogopi miguu yao. Mtoto wetu akirushiwa sarafu ikamwangukia, atamkuta mama anayejua kutazama saa na baba mwenye ufunguo wa kabati. Rawiya hakuwa na bahati hiyo.

Kwetu nimeshawaambia. Nilimpigia mamangu simu, nikamueleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na huyo mkweo, miaka yote hiyo, alasiri zote hizo, peke yake?" Akalia. Akaniagiza nimpe Mama salamu, na Mama amwambie lini aje kumuona.

Nilizipeleka salamu hizo alasiri ile ile. Nilibisha hodi, na safari hii nilingoja. Mama akanambia ingia. Nilimkuta amekaa pale pale chini, mguu haukufichwa. Nikakaa karibu yake. Nikamwambia siendi popote, isipokuwa anifukuze. Akanitazama hivyo anavyotazama, kama anapima kitambaa.

"Nilijua kuchagua," akasema. Basi. Hayo tu. Lakini alinishika mkono mpaka magharibi.

Arubaini inatimia kesho. Faiza ana nguvu zake, na nimempa ruhusa ya kunikosa. Alhamisi tarehe 26, kabla mwezi haujaisha na kabla Daktari Ummkulthum hajaondoka, tunakuja sote watatu: mimi, Rawiya na Mama. Mama anataka kutoa damu yake nayo ipelekwe huko nje. Na anataka duara lake lichorwe upya, juu kabisa, na jina kamili liandikwe, Riyama binti Ayoub, na pembeni yake la Mayasa, ili kila mtoto wa ukoo huu atakayekuja ajue aanzie wapi kutafuta.

Faiza alimshauri twende saa mbili asubuhi, apate kupumzika.

"Asubuhi nimekwenda maisha yangu yote," Mama akamjibu. "Mwambie Mudrik atungoje getini saa kumi."

Tungoje, mume wangu. Tutakuja polepole.

Shemsa wako